Nani Alikosa? Neno juu ya Mtoto Asiyeshika Masomo

 

Neno la leo linatoka katika Injili ya Yoane, sura ya 9, mistari ya 1 mpaka 3. Mnalijua. Wanafunzi walipita njiani pamoja na Bwana wakamwona mtu aliyezaliwa kipofu. Hawakuuliza namna ya kumsaidia. Waliuliza ni nani aliyekosa, yeye mwenyewe ao wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Kisha akainama, akachukua udongo, akaanza kazi.

Tumesoma sura hiyo mara nyingi katika ibada, na kila mara tumewacheka kidogo wale wanafunzi. Leo tunataka kuungama mbele yenu kwamba sisi pia tuliuliza ulizo lao, tena tuliliuliza mbele ya mtoto.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa kanisa letu alimleta mtoto wake wa kiume kwetu sisi mashemasi baada ya ibada. Mtoto alikuwa na miaka 10. Alikuwa amekaa miaka mitatu katika darasa la pili la primeri, na kila mwisho wa mwaka bulteni yake ilirudi na wino mwekundu. Mwalimu alimwita kizuzu mbele ya wenzake. Baba yake alisema hatanunua tena daftari kwa mtoto mwenye kichwa nguvu. Na majirani walikuwa wameanza kusema maneno ya chini chini: kwa nini wadogo zake wanasoma na yeye hasomi? Nani anakula akili yake? Ao yeye mwenyewe ndiye anayekula akili ya wengine?

Tukaomba. Katika maombi mmoja wetu alisema ameona wingu juu ya kichwa cha mtoto. Kutoka hapo hatukuuliza tena juu ya masomo. Tuliuliza nani amemfunga, alikula nini kwa nani, anaota nini usiku. Tukampa siku tatu za kufunga.

Usiku wa pili mtoto alimwuliza mama yake: “Mama, niseme nini ili waniache nile?”

Mama alituletea neno hilo asubuhi, na sisi tukanyamaza. Maana tulielewa kwamba mtoto yule alikuwa tayari kuungama jambo lolote tutakalotaka. Kama tungeongeza siku moja, angesema yeye ni mulozi, na sisi tungetoka mbele ya kanisa tukisema Roho amefunua. Uongo ungetoka katika kinywa cha mtoto mwenye njaa, lakini mwenye kuupanda tungekuwa sisi.

Siku ileile nkambo wake akatufikia. Ni mjane, anauza ndagala na makala sokoni. Alisimama mlangoni, hakukubali kiti. Akasema: “Baba mashemasi, mimi naketi naye sokoni kila siku ya posho. Yeye ndiye anayerudisha feza kwa wanunuzi, na hajakosa hata mara moja. Kama ana pepo la ujinga, basi pepo hilo linajua hesabu kunishinda mimi. Lakini ukimwita kutoka upande wa kushoto, hageuki. Hilo ninyi mmeliona?”

Hatukuwa tumeliona. Tulikuwa tumetazama juu ya kichwa chake, hatukutazama sikio lake.

Wandugu, hapa ndipo tunataka kutulia pamoja nanyi na kufikiri. Mtoto anaposhindwa masomo, tunadaiwa kitu gani kwanza: kujua nani alisababisha, ao kujua mtoto anahitaji nini? Wengi watajibu kwamba maulizo hayo mawili ni moja, kwa sababu huwezi kuponya bila kujua chanzo. Kuna ukweli hapo. Lakini tazameni vizuri. Anayeuliza “nini kilisababisha” anatafuta kitu, na kitu kinaweza kuonekana, kupimwa, pengine kutibiwa. Anayeuliza “nani alisababisha” anatafuta mtu. Na katika nyumba, mtu aliye rahisi kupatikana ni yule mdogo asiyeweza kujitetea, ao nkambo mzee, ao mke wa pili. Basi ulizo la “nani” linapata jibu haraka sana, na jibu hilo halimfundishi mtoto hata herufi moja.

Na vitu vinavyoweza kumzuia mtoto kushika masomo ni vingi. Kuna mtoto asiyesikia vizuri kwa sababu sikio lilitoka usaha alipokuwa mdogo. Kuna asiyeona ubao. Kuna anayekuja darasani bila kula. Kuna mwenye kifafa kisichomwangusha chini: anakaza macho nukta chache, anarudi, na mwalimu anafikiri anaota mchana. Kuna aliyepigwa na malaria ya kichwani ao homa ya uti wa mgongo, na ugonjwa ukaacha alama. Kuna aliyechelewa kulia siku ya kuzaliwa. Kuna anayesema Kiswahili nyumbani na kukutana na Kifaransa darasani kama mtu aliyetupwa mtoni. Huyo hana ugonjwa wowote, anahitaji tu mwalimu wa kumvusha. Na kuna mtoto mwenye masikio mazima, macho mazima, tumbo limeshiba, maneno yake ni ya akili, na bado herufi zinamchanganya.

Huyo wa mwisho si jambo geni la miaka yetu. Mwaka wa 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika juu ya kijana wa miaka 14, mwerevu, mwenye hesabu nzuri, ambaye hakuweza kujifunza kusoma ingawa alifundishwa miaka mingi. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yangekuwa ya mdomo tu, kijana huyo angekuwa wa kwanza katika shule. Hakuwa mvivu. Akili yake ilikuwa na mlango mmoja mgumu, na milango mingine wazi. Leo madaktari na walimu wanajua kwamba watoto wa namna hiyo wako katika kila nchi, na kwamba wanaweza kufundishwa, ikiwa wanafundishwa polepole, sauti kwa sauti, herufi kwa herufi, kwa mwalimu asiyewachoka.

Tuchukue mfano mwingine wa nchi yetu wenyewe. Katika kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, watu wengi walikuwa na uvimbe wa shingo, na kulikuwa na watoto waliozaliwa wasikue vizuri mwili wala akili. Miaka ya 1960 madaktari walichunguza huko. Chanzo kilikuwa kukosa iyodi katika chakula, na mama akiikosa wakati wa mimba, akili ya mtoto inaumia kabla hajazaliwa. Ndiyo sababu leo chumvi inatiwa iyodi. Fikirini, wandugu: miaka mingapi watu waliulizana nani amelaani nyumba fulani, na kilichokosekana kilikuwa kitu kidogo cha kutiwa katika chumvi?

Na sisi wa Likasi tunaishi kati ya migodi na viwanda. Mwaka wa 2009 wachunguzi wa Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba walikuta kobalti na metali nyingine kwa wingi katika mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga, hata watoto. Moja ya metali zilizopimwa ni plombi, yaani risasi, na inajulikana kwamba plombi inaumiza akili ya mtoto mdogo. Hatusemi kwamba mtoto wako ameshindwa kwa sababu hiyo. Tunasema kwamba yule anayekimbilia neno “ulozi” ameruka vitu kumi vilivyo mbele ya macho yake.

Wengine watatuambia: “Mashemasi, mnatupeleka kwa madaktari; basi mmeacha unabii?” Hapana. Sisi ni kanisa la manabii na tutabaki hivyo. Lakini Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Watesalonike, sura ya 5, anatuagiza mambo mawili pamoja: tusidharau unabii, na tupime yote. Kanisa linaloshika agizo la kwanza na kuacha la pili limekata Neno nusu. Kumbukeni pia kuhani Eli katika hekalu la Shilo. Alimwona Hana akisogeza midomo bila sauti, akamhukumu kuwa mlevi. Alikuwa kuhani wa kweli, mwenye kazi ya kweli, katika nyumba ya Mungu, na alikosea. Heshima yake haikuvunjika kwa sababu alikosea. Hana alipojieleza, Eli alisikiliza, akageuza neno lake kuwa baraka. Shemasi ao nabii asiyeweza kugeuza neno lake amejiweka juu ya Eli.

Tena sisi watu wa makanisa ya manabii tunapaswa kuogopa kushitaki kuliko watu wengine wote. Simon Kimbangu alihukumiwa mwaka wa 1921 na watu ambao hawakutaka kuelewa alichokuwa akifanya. Akaletwa hapa Katanga, akakaa katika gereza la Elisabethville miaka 30, mpaka kufa kwake mwaka wa 1951. Tunasikitika juu ya hukumu ile. Je, tutawafanyia watoto wa nyumba zetu jambo lilelile, kuhukumu kwanza na kutochunguza kamwe?

Na serkali pia imesema. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kuwa mulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inasema anayemtesa mtoto moyoni kwa mashitaka ya ulozi atafungwa mwaka 1 mpaka 3. Mwaka wa 2006 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wa barabarani katika Kongo, ikaonyesha kwamba wengi walifukuzwa nyumbani kwa mashitaka hayo, na kwamba baadhi ya makanisa yaliwatesa watoto yakisema yanawaponya. Mwaka wa 2010 UNICEF nayo iliandika kwamba kati ya watoto wanaoshitakiwa wamo wenye kilema, wenye kifafa, na wale wenye tabia ngeni machoni pa wakubwa. Kusoma maneno hayo kunauma. Lakini tusikasirikie kioo kwa sababu kimeonyesha uso.

Kuna ulizo lingine, na hilo ni gumu kuliko yote, kwa sababu linatoka kwa wazazi wenye upendo. Baba mmoja alituuliza: “Nina watoto sita na feza ya mtoto mmoja. Mmoja anashika masomo, mwingine hashiki. Nikiweka feza kwa yule asiyeshika, si nimewaibia wengine?” Hatukumjibu siku ileile. Ni kweli kwamba Katiba ilisema masomo ya primeri ni bure, na kwamba tangu Septemba 2019 jambo hilo lilianza kutimizwa. Lakini daftari, viatu, dawa na njia ya kwenda Lubumbashi si bure, na tangu siku ile madarasa yamejaa, hata mwalimu mwema hawezi kumfikia kila mtoto.

Jibu letu ni hili. Baba hana deni la kuwapa watoto wote feza sawa. Ana deni la kumpa kila mtoto nafasi mezani. Someni Samweli wa Pili, sura ya 4 na ya 9. Mefiboseti alikuwa na miaka mitano mlezi wake alipomchukua akikimbia. Akaanguka, akawa kilema cha miguu yote miwili. Hakuna aliyekosa, mlezi alikuwa akiokoa uhai wake. Miaka ikapita, mfalme Daudi akamtafuta. Hakumwuliza atafaa kwa kazi gani. Alimketisha mezani pake kama mmoja wa wana wa mfalme. Kwa hiyo, baba, pengine utalipa sekonderi kwa yule anayeshika. Lakini yule asiyeshika usimwondolee meza: usimwondolee jina lake, nguo yake ya Sikukuu, saa yako moja ya jioni, na kupimwa masikio na macho. Hayo hayamwibii mtu.

Sasa mashauri, kama tulivyojifunza kwa makosa yetu.

La kwanza: mtazame mtoto kabla ya kumsema. Wiki mbili, andika yale anayoyaweza na yale yanayomshinda. Uliza nkambo, uliza wenzake anaocheza nao. Anayerudisha feza bila kukosa si mjinga.

La pili: mpeleke kwenye kituo cha afya, masikio na macho kwanza, kisha ueleze magonjwa yote aliyopata na namna alivyozaliwa. Kama anakaza macho na kupotea kidogo, sema hivyo. Kifafa kina dawa. Kwa mambo mazito Lubumbashi si mbali kupita kiasi, ni kilomita kama 120. Huko kuna hospitali ya Chuo Kikuu, na kuna kituo cha Dr. Joseph Guislain cha mafrere wa Charité, kwa magonjwa ya akili na kifafa.

La tatu: nenda kwa mwalimu kwa heshima, bila ugomvi. Omba vitu vidogo: mtoto akae mbele, aulizwe kwa mdomo, asichekwe. Neno “kizuzu” likitoka katika kinywa cha mwalimu ao cha baba, linakaa katika mtoto miaka mingi kuliko somo lolote.

La nne: msiende peke yenu. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wenye kilema iko, lakini sheria haina miguu, inahitaji watu wa kuibeba. Wenzetu wa Kenya wana vituo vya kupimia watoto na kuongoza wazazi tangu mwaka wa 1984. Sisi tunaweza kuanza na kidogo: wazazi wa kanisa wenye watoto wa namna hii wakutane mara moja kwa mwezi, na vijana waliomaliza sekonderi wawasomeshe watoto hao baada ya masomo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

La tano: ombeni. Hatukuweka maombi mwisho kwa kuyadharau. Tumeyaweka mwisho ili kusiwe na mtu wa kusema ameomba, basi yale manne ya kwanza hayamhusu. Na mtoto asifungishwe chakula kwa ajili ya maombi yetu. Tufunge sisi wakubwa.

Tena tuwaambie ukweli. Kuna watoto ambao hata baada ya yote hawatasoma. Alfred Binet, aliyetengeneza huko Paris mwaka wa 1905 vipimo vya kuwatambua watoto wanaohitaji mafundisho ya namna nyingine, alikataa wale waliosema akili ya mtoto haiwezi kuongezeka. Tunaamini alisema vema. Lakini kuongezeka si kuwa sawa na wengine. Mzazi anayempenda mtoto wake kwa sharti kwamba siku moja atakuwa kama wengine, bado anampenda mtoto mwingine, si huyu. Mtu si bulteni yake. Mungu alimwumba kabla ya mwalimu kumpima.

Mtasema: na yule mtoto wetu? Kwenye kituo cha afya waliona sikio la kushoto limeharibika kwa usaha wa zamani. Walitibu, lakini upande ule hakupona kabisa. Mwalimu mwingine alimweka mbele. Masomo yakawa mepesi kidogo, si sana. Herufi b na d bado zilimpiga vita, kwa hiyo tulijua kwamba sikio lilikuwa sehemu tu ya jambo. Nkambo wake alimtafutia kijana wa kumfundisha jioni. Leo anasoma polepole, kidole chini ya mstari. Mwisho wa ibada anahesabu sadaka pamoja nasi, na sisi tunahesabu baada yake kwa desturi tu.

Siku moja tulimwita, tukamwomba msamaha. Hakujibu kitu. Alimtazama mama yake, kisha akatutazama sisi, akauliza kama anaweza kwenda. Tukamwambia aende. Msamaha wa mtoto hauwezi kulazimishwa, na wenye deni hawapangi siku ya kusamehewa.

Basi, wandugu, mtoto wa namna hii akiletwa tena mlangoni mwa kanisa, na ulizo la “nani alikosa” likitaka kutoka midomoni mwetu, tulirudishe ndani. Tuiname kama Bwana alivyoinama, tutie mikono katika udongo, tuanze kazi.

Bwana awabariki, awalinde ninyi na watoto wenu, wanaoshika upesi na wanaoshika polepole. Amina.